Majina Chini ya Jina la Rael

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka huku Kitale. Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Mimi mwili uko sawa, ila moyo ni mzito, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa sababu.

Unakumbuka mchungaji wetu aliniomba nitengeneze ukurasa wa mtandao wa watu waliokimbilia kanisani wakati wa vita, ili jamaa zao wawapate. Niliupanga kwa orodha ndani ya orodha: kwanza kijiji, ndani yake jina la mzazi, na chini ya mzazi, yakiwa yamesogezwa ndani kidogo, majina ya watoto wake. Waliokufa nao niliwaandika, ila niliwapa rangi ya kijivu. Neno lenyewe lilinishinda kuandika, nikadhani watu wataelewa.

Jumanne akaja mwanamume kutoka Lwakhakha. Walipotezana na mkewe, Rael, siku nyumba yao ilipochomwa.

"Dada, nimeona kwa kompyuta ya saiba," akaniambia. "Rael ako hapa na watoto wote watatu. Si ni kweli?"

"Hukuona rangi?"

"Rangi gani? Yote ilikuwa nyeusi tu."

Kompyuta ile ilikuwa nzee, Mama. Mapambo yangu haikuyaonyesha, ilileta majina peke yake, matatu yamepangana chini ya mama yao kama watoto wazima.

Papo hapo Rael akatokea ameshika mkono wa kifungua mimba wao, Simiyu. Yule baba alikuwa ameshatoa kwenye mfuko jozi tatu za ndara za watoto. Akatazama nyuma ya Rael, akingoja.

"Baba Simiyu," Rael akasema, "ni huyu tu."

Yule baba akaketi palepale kwa matope. Nilimwomba msamaha, hata sijui kama alinisikia.

Kesho yake niliandika "marehemu" kando ya kila jina la kijivu, ukurasa mzima. Nikamuuliza Baba Simiyu kama niwahamishe watoto wake wawili kwenye orodha ya peke yao.

"Usiwatoe," akasema. "Waache na mama yao."

Nimewaacha.

Nisalimie Baba, kaka yangu anayebeba watu kwa baiskeli huko stendi, na shangazi anayeuza mboga. Mwambie shangazi asiache kuniombea, maana mchungaji ameleta karatasi zingine za majina, na leo naanza kuyaandika.

Ni mimi binti yako,
Nafula