Sironka na ua la Nkasiogi

Salha, acha unachofanya usome hii.

Sironka, shemeji yake Nkasiogi, yule anayejiita mtaalamu wa bustani. Leo kaja kwenye maonyesho ya maua hapa Themi kashika kaktasi ya Nkasiogi! Ile ndogo aliyoiotesha kwa mbegu kama vumbi, akailea miaka sita dirishani nyumbani kwake, kule mtaa wa Sakina. Jana ndiyo imetoa ua la kwanza. Sironka kaichukua mwenzake akiwa kanisani!

Eti anawaambia watu, "Nimeiotesha mwenyewe." MWENYEWE!

Nkasiogi aliporudi akakuta dirisha tupu, akajua ni nani, akaja moja kwa moja hapa. Akasimama nyuma ya watu. Kaniambia alitamani kulia.

Mama mmoja jaji akamuuliza Sironka, "Unaimwagiliaje?"

Bwana akajibu kifua mbele, "Kikombe kizima, kila asubuhi."

Kila asubuhi! Kaktasi! Si ingeoza mwezi wa kwanza tu?

Watu wakaangua kicheko. Nkasiogi akapita katikati yao akasema, "Shemeji, nipe mtoto wangu."

Akampa, vidole vimejaa miiba.

Jaji akamuuliza Nkasiogi swali lile lile. "Kijiko kimoja kila wiki mbili. Wakati wa baridi siipi kitu."

Kashika nafasi ya kwanza! Na Sironka, hana haya, kajipanga pembeni yake apigwe picha. Nkasiogi akamwambia mpiga picha, "Subiri kwanza, shemeji anapita."