Baba Mkubwa Hataki Gari Litajwe Bei

Mshauri wetu mpendwa, nishike mkono kabla sijaharibu, mimi ni karani kijana katika ofisi ya bima hapa Kolkata, na nyumbani tuna gari la marehemu babu, Moris nyeusi ya zamani ambayo baba mkubwa Bhabatosh huifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi kabla hata ya chai, na sasa binti yake Shiuli anaolewa, na kwa desturi sisi upande wa bibi harusi ndio tunaopeleka gari kumchukua bwana harusi, na dereva nimechaguliwa mimi, nipite daraja la Howrah katikati ya mabasi yasiyojali mtu. Gari lina bima ndogo tu, ya kulipa wengine, lenyewe likipondwa hatupati kitu, nikamwomba alikatie bima kubwa ya magari ya kale, ambayo mwenye gari na kampuni hukubaliana thamani mapema, akakasirika, maana babu alimwapisha gari hilo lisitajwe bei kamwe, eti kinachotajwa bei kimeshauzwa nusu. Akaniambia mbele ya shangazi zangu, "Karani, umekosa wateja huko mpaka umekuja kumnadi babu yako?" Wakacheka, nami nikacheka, sijui kwa nini. Nikikataa kuendesha nitaonekana namwonea Shiuli wivu, nikiendesha nikaligongesha sitarudi nyumbani, mara nawaza nilikatie bima kimya kimya, mara naona pengine mzee ana haki na mimi ni mwoga tu. Nifanyeje?
Nirupam

Nirupam, mwanangu, woga wako una akili kuliko kicheko cha shangazi zako. Lakini hilo la kimya kimya lifute. Gari si lako, bima hiyo haitalipa, na utakuwa umemdanganya mzee na mwajiri wako kwa mpigo mmoja.

Tena ulianza vibaya. Unamtajia mzee ajali mbele ya watu, harusi iko mlangoni, ulitaka akujibu nini? Mfuate asubuhi, shika kitambaa, futeni gari pamoja, kisha mwambie: "Baba mkubwa, gari hili lina bei tayari. Basi la abiria likiligonga, kampuni ya bima ya wenye basi italipima kama chuma chakavu, kwa kuwa sisi tulinyamaza." Asiyetaka kuitaja thamani amewaachia wageni waitaje. Babu yako hakumwapisha hilo.

Akikubali, mpimaji aje alione, mzee atie sahihi kwa mkono wake, na usiguse usukani mpaka bima itoke. Akikataa, mwambie kwa adabu kwamba huendeshi, na usibadili neno hata wakucheke. Bwana harusi aletwe kwa teksi ya manjano. Shiuli anaolewa na mtu, haolewi na gari.