Aliyewatuma Watoto Kuni

Mpendwa Baba Gaudensia,

Jumanne iliyopita walileta mahindi kwenye darasa la tano. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, hawa wanaonunua wenyewe siku hizi tangu chama cha ushirika kilegee, amepewa na kijiji vyumba viwili vya kuhifadhia magunia. Nilisimama nje nikawatazama vijana wake wakipanga. Ile ramani ya Afrika uliyoichora ukutani kwa rangi ya mkaa wa betri bado ipo, lakini magunia yameiziba kuanzia Misri mpaka Kongo. Kusini kwetu ndiko kunakoonekana kidogo. Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, hapa palikuwa ghala la nini zamani?" Nikamwambia palikuwa shule. Akasema, "Ahaa," akaendelea na kazi.

Nakuandikia barua hii na nitaiacha iwe wazi, asomaye asome. Kuna neno nililofunga mdomoni tangu ungali hai, na wewe ukanisaidia kulifunga.

Nakumbuka uliponitoa kwetu Maposeni, shule ilikuwa banda la nyasi na wewe ulikuwa mwalimu peke yako. Ulikuwa unachomeka mguu wa kushoto wa suruali ndani ya soksi ili mnyororo wa baiskeli usiukamate, na mara nyingi ulisahau kuutoa, ukaingia hivyo kanisani. Wanakijiji walifyatua matofali kiangazi kile chote. Mimi nilibeba maji ya kukandia udongo, Gaudensia nikiwa naye mgongoni, na kila nilipotua ndoo uliniambia, "Mama, hiyo ya mwisho, kapumzike." Haikuwa ya mwisho hata siku moja. Ulijua, nilijua, lakini ulisema tu.

Nakumbuka pia ulivyoitunza rejista. Miaka ile mbolea ilipopanda bei, watu walianza kuondoka kijijini. Wengine walirudi mahame kwao, kwenye mashamba ya babu zao waliyoyaacha wakati wa kuhamishiwa vijijini, na wengine, hasa vijana, wakaenda Tunduru kuchimba mawe ya thamani. Familia ikiondoka, watoto wake watatu wanne wanaondoka nayo. Walimu wengine walikuwa wanafuta jina kwa wino mwekundu. Wewe ulipiga mstari kwa penseli. Nilipokuuliza ulisema, "Wakirudi nitafuta mstari, siyo jina." Hawakurudi wengi. Penseli uliichonga ikabaki kama kidole cha mtoto.

Ndipo ikaja barua ya wilaya. Ilisema shule tatu za ukanda wetu zina watoto wachache na walimu hawatoshi, kwa hiyo moja itafungwa na watoto wake watagawanywa. Kamati itapita kuhesabu wanafunzi kwa macho. Rejista hawakuziamini, kwa kuwa baadhi ya walimu wakuu waliandika majina ya hewa ili wapewe chaki na madaftari zaidi. Itakayokutwa na wachache ndiyo itakayofungwa. Kwetu watafika Alhamisi saa sita mchana.

Ulinisomea barua ile tukiwa jikoni. Ukaikunja ukasema, "Wakija wahesabu kwanza. Chakula baadaye. Uji na viazi vinatosha."

Nami nikakujibu, nayakumbuka maneno yangu yote, "Wageni wa boma tuwape viazi? Watarudi mjini waseme Wangoni wa huku hawana adabu. Nitachinja."

"Chinja, lakini usiniguse watoto. Siku hiyo kila mtoto akae kwenye dawati lake."

"Sawa, Mwalimu," nikasema.

Alhamisi ulitoka asubuhi kwenda barabarani kuwasubiri pamoja na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kaspari. Mimi nilibaki na majogoo wawili, mchele niliouomba kwa masista, na kuni zilizolowa mvua ya usiku. Moto haukushika. Maji yalikuwa ndoo moja. Nilipiga hesabu yangu: saa hizi ni saa tatu, wageni ni saa sita. Na nani aliwahi kuona gari la boma likifika saa iliyoandikwa? Mkutano wa saa nne huanza saa nane. Tulikuwa tumeshazoea kuwangoja mpaka vivuli virefuke. Nikasema watoto wataenda na kurudi, wataoga miguu, watakaa, na Mwalimu hatajua.

Nikaenda mpaka mlango wa darasa la tano, nikamwambia yule mwalimu mgeni kutoka Kilimanjaro, "Mwalimu, mkuu anasema uniazime watoto kidogo, wa kuni na wa maji." Nilitumia jina lako. Akanipa. Nikaenda la sita, wakanipa. Watoto walifurahi kutoka, walikimbia wakiimba. Hakuna shule niliyoijua mimi ambayo watoto hawakwenda kuni mgeni akija. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, na nilijivunia kubeba mzigo mkubwa kuliko wenzangu.

Gari lilifika saa nne kasoro.

Nilisikia muungurumo nikiwa nanyonyoa jogoo wa pili. Nilitoka mbio hadi nyuma ya jiko nikaita upande wa msituni, nikaita tena, nikasikia mwangwi tu. Ulipita mbele yangu na wageni watatu, afisa mnene mwenye koti, diwani, na mama mmoja mwenye faili. Ulinisalimia kwa kichwa. Bado ulikuwa na furaha usoni.

Waliingia la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilihesabu hatua zenu. Walipoingia la tano palikuwa na mtoto mmoja tu, Menas, aliyekuwa na kidonda mguuni. Nilikuwa nimesogea mpaka dirishani, nikamsikia afisa akiuliza, "Mwalimu, darasa hili lipo wapi?"

Uligeuka. Ulitazama nje, ukaona moshi wa jikoni, kisha ukaniona mimi na manyoya ya kuku mikononi. Sijapata kutazamwa vile tena. Hukunikasirikia. Ulinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeanguka, kabla hajaanza kulia. Ukamgeukia afisa ukasema, "Nimewatuma kuni, mzee. Wapo karibu."

Watoto walirudi wageni wakiwa wananawa mikono. Walikuja kwa mstari, mizigo kichwani, wakapanga kuni vizuri kama nilivyowafundisha, na wote wakasema, "Shikamoo, mzee." Ukamwomba yule afisa, "Hawa ndio la tano na la sita. Tafadhali wahesabu."

Akacheka kidogo. "Hawa wamebeba kuni, Mwalimu. Mimi nimetumwa kuhesabu waliobeba madaftari."

Kisha akakaa, akala. Alikula paja, akala na kidari, akaniambia, "Mama, mkono wako mtamu. Mjini hatupati kuku wa hivi." Nami, Mungu anisamehe, nikapiga goti nikasema asante. Wewe ulisimama karibu na mlango ukiwa umeshika jagi la maji. Hukula.

Kwenye shule ya ng'ambo ya mto wageni hao hawakupikiwa hata uji. Mwalimu mkuu wa kule aliwaambia hana cha kuwapa ila watoto, akawakalisha wote. Tulikuwa na watoto wengi kuliko wao. Tulikuwa nao, Baba Gaudensia, kila mtu hapa alijua. Ile shule ipo mpaka leo.

Baada ya mwezi mmoja watu wa wilaya wakaja kusoma taarifa kwenye mkutano wa kijiji. Shule yetu itafungwa. Tena iliandikwa kwamba uongozi wa shule unawatumikisha watoto wakati wa masomo. Kuni za watoto hao ndizo zilizowapikia wao kuku, lakini hilo halikuandikwa. Watu wakaanza kupiga kelele, na Mzee Kaspari akauliza mbele ya wote, "Tuambiwe basi. Nani aliwatoa watoto darasani siku ile?"

Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, mkeka mmoja na Mama Osmunda wa jirani. Yule mwalimu wa Kilimanjaro alikutazama wewe, maana yeye aliamini ni amri yako. Nilihisi magoti yangu yanataka kuinuka. Niliyakunja, nikajifunika khanga.

Ukasema, "Mimi."

Neno hilo moja tu. Ukakaa.

Nyumbani nilikuuliza kwa nini. Ulikuwa unavua viatu. Ukasema, "Wewe utateka maji na wanawake hawa kila siku. Mimi watanihamisha tu, nitasahaulika." Tangu hapo hukulitaja tena, na mimi nikaushukuru ukimya wako. Sasa nauchukia, na wangu nauchukia zaidi.

Hawakukupeleka mbali. Walikunyang'anya ukuu wakakupeleka ng'ambo, ukawa mwalimu wa kawaida chini ya yule aliyewakalisha watoto wake. Ulikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, baiskeli haikuweza kupita mtoni. Wadogo wa la kwanza na la pili uliwavusha mmoja mmoja mvua zilipoanza, na wengine wazazi wao waliacha kabisa kuwapeleka. Ukipita kilabuni watu walikutania, "Mwalimu, chinja jogoo mwingine watufungie na zahanati." Ulicheka nao. Ulikuja nyumbani ukanisimulia kama kichekesho, nami nikacheka, halafu nikaenda nje kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

Miguu yako ilianza kuvimba masika ya pili. Kule hospitali walikutunza vizuri, sina neno nao. Nilikaa kando ya kitanda siku kumi na moja. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwomba radhi, na kila siku nilikuuliza kama unataka uji. Siku ya mwisho ulinishika mkono ukaniuliza kama mahindi yameshapigwa jembe la pili. Nikasema yameshapigwa. Haikuwa kweli.

Nilidhani nitaweza kuishi na jambo hili kama wengine wanavyoishi na mambo yao. Gaudensia ndiye aliyenishinda. Krismasi iliyopita alikuja kutoka Songea mjini na mwanawe mdogo, ambaye angeanza la kwanza huku kwangu kama shule ingekuwapo. Tulipita pale madarasani. Akasema bila hasira, kama mtu anayesema kuhusu mvua, "Baba alikuwa mtu mwema lakini alipenda mno kuwapendeza wakubwa. Angewaacha tu watoto wakae."

Nilinyamaza mara ya pili. Mtoto wako wa kwanza, yule niliyembeba mgongoni tukikandia udongo, anakujua hivyo. Na nyuma yake atakujua hivyo mjukuu wako.

Wiki ile ya kuleta magunia kijiji kiliitisha mkutano kuthibitisha kumpa vyumba yule mfanyabiashara. Nilimwomba Gaudensia aje. Mtu mmoja alipinga, akasema majengo haya tuliyatolea jasho. Mwingine akamjibu, "Jasho letu alilimwaga Mwalimu, tusimsingizie tajiri." Watu wakacheka. Nikasimama. Khanga niliishusha mabegani ili wanione uso. Nikasema, "Mwalimu alinikataza nisiwaguse watoto. Mimi ndiye niliyekwenda darasani nikatumia jina lake. Niliwatuma mimi."

Mama Osmunda aliangalia chini. Halafu Mzee Kaspari, ambaye ameshazeeka, akasema kwa upole kabisa, "Mama Mwalimu, pole. Lakini hilo halimo kwenye ajenda ya leo." Katibu hakuandika kitu. Wakaendelea na magunia.

Nilirudi nyumbani na Gaudensia. Kwenye kona ya kisima alisimama akaniambia, "Miaka yote hii, mama. Ukaniacha nimlaumu." Nilimwambia chakula kipo. Akasema ana safari, akampandisha mtoto mgongoni akaenda kungoja basi la mchana. Hakugeuka. Sijui atarudi lini, na sina haki ya kumharakisha.

Kwa hiyo nimeandika hapa, kwa kuwa katibu hakuandika. Yule afisa amepanda cheo, nasikia. Alikuwa na macho, aliwaona watoto wamesimama mbele yake na kuni vichwani, akachagua kutowaona, kisha akanawa mikono akala. Hilo sitalisahau. Lakini mlango alioingilia niliufungua mimi, kwa kuogopa kusemwa sina adabu.

Radhi sikuombi. Ulinipa kabla sijaomba, mbele ya kijiji kizima, na ndiyo inayonichoma. Laiti ungenigombeza hata siku moja, ningekuwa na kitu cha kujitetea.

Pumzika, Mwalimu. Miguu yako imevuka maji ya kutosha. Na kama huko nako kuna mahali mtu anaulizwa, wakauliza nani aliwatuma watoto kuni, nakuomba jambo moja: safari hii usinijibie.

Mkeo,
Mama Gaudensia