Filamu ya Harusi Yangu

Mikelenge, Kindu

Kwako mdogo wangu Daddy,

Moyo, ndugu yangu, kama Baba alivyotufundisha kusalimiana. Na baada ya salamu ya Kikasai nakuletea na ya hapa kwetu: habari za miaka yote hii? Natumaini kifua kinakuacha upumue, maana Soudi uliyemtuma ameniambia unakohoa sana kwa ajili ya vumbi la mashimo ya madini ya huko Kalima. Sisi huku tunaishi. Mama yu hai. Miguu imemvimba na masikio yamechoka, lakini ulimi ni ule ule, na jana tu amemfukuza padri aliyekuja kumwombea, akisema bado hajaitwa. Binti yangu Divine, ambaye hujamwona hata siku moja, amejifungua salama. Mtoto ana afya, na sauti yake ni ya muuza samaki.

Soudi alinikuta namenya mihogo. Aliniambia huko unaitwa jina jingine, na kwamba umechoka kukaa mahali ambapo ukifa hakuna wa kukulilia. Unauliza kama watu wa Mikelenge wamekwisha kusahau, ili urudi umwone Mama kabla hajaondoka. Tena umesikia kwamba filamu ya harusi yangu siku hizi imetiwa kwenye simu, na unaomba nakala. Nilimpa maji, nikamwambia anipe siku chache. Sikuweza kumjibu papo hapo, Daddy, kwa sababu jibu la swali lako limo ndani ya hiyo filamu unayoiomba.

Unakumbuka ilikuwa mwaka wa tisini na nane, majuma machache kabla vita havijatufikia. Yule rafiki yake Baba wa kazi ya reli alikuja na kamera begani, akawa anapiga kila kitu, hata mbuzi. Wenye bunduki walipoingia mjini walibeba televizyo, wakabeba magodoro, wakang'oa hata mlango wa choo. Kaseti ya harusi niliifunga kwa plastiki, nikaizika shambani ndani ya sufuria iliyotoboka, nikapanda matembele juu yake. Mume wangu Mulamba alinicheka, akasema mwanamke gani huyu anayeficha harusi na kuacha unga. Baadaye homa ikamchukua, mji mzima ukiwa hauna dawa. Unga ulikwisha zamani, na yeye mwenyewe alikwisha kwenda, kaseti ikabaki. Mpaka leo namkasirikia kwa kicheko kile, na nakitamani.

Siku hizi Henri, fundi wa simu pale sokoni, ana filamu za kila namna. Anazo za Wachina wanaoruka juu ya paa, na za Nijeria ambamo mama mkwe ni mchawi tangu mwanzo na kila mtu anajua isipokuwa mwanawe. Watu wanazipenda, na mimi pia nazipenda, kwa sababu mle mwovu anapigwa kabla hatujaenda kulala. Lakini uliza mtaa huu filamu gani wanaipenda kuliko zote, watakuambia harusi ya Kabedi. Usidhani ni kwa uzuri wangu. Mimi bibi harusi nimekuwa kama mlango tu. Nikisimama mbele sana wananipigia kelele nisogee, wanataka kuona nyuma, maana nyuma ndiko waliko watu wao.

Mzee Assani huja kwangu kuitazama amevaa shati lililopigwa pasi. Marehemu mkewe, Nuru, anapita na mwiko mkononi akimgombeza mtu asiyeonekana, na Assani hunyoosha kofia yake kana kwamba ni yeye anayegombezwa. Tshibola yeye hana cha kuona. Baba yake hakupigwa picha, ila anakohoa wakati wa baraka, mara mbili, pembeni ya kamera. Tukikaribia pale hata watoto wachanga wananyamazishwa ili Tshibola asikie kikohozi cha baba yake. Makaburi ya watu hawa hayajulikani yalipo, mengine hayakuchimbwa kabisa. Ndiyo maana wanaipenda.

Na wewe umo. Unacheza katikati ya uwanja, kijana mzuri, shati limelowa jasho, na juu ya mabega yako amekaa Israël, mtoto wa Fidélie jirani yetu. Ameshika andazi kwa mkono mmoja na sikio lako kwa mkono wa pili. Makombo yanakuangukia kichwani, nawe unacheka. Ukitokea tu, nyumba inabadilika. Wengine wanatazama chini, na Tshibola anatoka kutema mate. Watoto waliozaliwa vita vikiwa vimekwisha wanakunyooshea kidole na kusema, njo ule, ndiye yule. Unauliza kama watu wamesahau. Sura yako inajulikana hapa na vijana ambao wewe hukuwahi kuwaona.

Sitaandika kama mtu asiyejua. Uliingia porini na wale wapiganaji, na asubuhi ile mliwakuta wenzetu shambani, njia ya Kalima, wamekwenda kuchimba mihogo kwa sababu mjini njaa ilikuwa inaua. Nuru aliuawa pale, na mume wa Fidélie, na wengine ambao majina yao unayajua kuliko mimi. Waliookoka walisema walikuona, bunduki mkononi. Israël hakurudi wala hakuonekana amelala kati ya wafu.

Mwaka jana kaseti ilianza kuchakaa na kutoa theluji, vitone vyeupe juu ya picha. Henri akasema ataihamisha kwenye karte ya simu, tena ana mashine ya kukata sehemu yoyote tusiyoitaka. Habari zikaenea. Walikuja wakajaa uani, na Mzee Assani akasema kwa niaba yao: mukate ule muntu, hatutaki tena kumuona kati ya watu wetu. Wote waliitikia. Mama aliinuka akaingia ndani. Ni harusi yangu, lakini wafu ni wao.

Fidélie ndiye aliyekataa. Alisema, mutoto wangu iko juu ya mabega yake. Mukimukata ule, na wangu anaenda. Picha nyingine ya Israël haiko duniani. Basi hukukatwa. Tangu siku ile, sehemu hiyo ikifika, Fidélie husogea akaweka kiganja chake juu ya kioo cha televizyo, akakufunika wewe wote, uso na kifua, akabakiza mtoto peke yake anayecheza hewani. Tunamngoja mpaka atoe mkono.

Kuhusu kurudi, nilimwuliza Mama. Alilia, Daddy, alilia akasema jina lako la utotoni ambalo hajalitaja tangu vita. Kisha akasema, umuambie asikuje, watamuua, afazali nikufe bila kumuona kuliko nimuone vile. Kwa hiyo hilo ndilo jibu lake: usikuje. Anakupenda, na mimi siwezi kukudanganya kwamba amekosea. Wako vijana hapa ambao hawatangoja umalize kusalimia.

Sasa nikuambie lililobaki. Soudi alipoondoka nilikwenda kwa Fidélie nikamwambia uko hai, na uko wapi. Sikumwuliza Mama ruhusa. Fidélie alisugua magoti yake, kisha akanieleza jambo ambalo hajamweleza mtu. Asubuhi ile alikuwa amelala ndani ya majani pamoja na mtoto, amemziba mdomo. Mliwapita. Hakuna aliyewaona. Lakini Israël alikuona wewe. Alijinasua akatoka mbio akiita, Yaya Daddy, Yaya Daddy, kwa furaha, kama mtu aliyekutana na kaka yake mkubwa sokoni. Nawe ulimwinua, ukamweka juu ya mabega, ukaingia naye msituni na wenzako. Fidélie hakupiga kelele. Alijiambia, ni Daddy wetu huyu, atamrudisha wakiisha kwenda. Alingoja ndani ya yale majani mpaka giza. Anasema kila anapotazama filamu anaona mambo yale mawili kwa pamoja, na hajui mpaka leo kama ukimya wake ulimwokoa mtoto au ulimwua. Mimi nilishindwa kumfariji. Nililia tu mbele yake, mimi yaya yako, dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni.

Wewe huwezi kuja Kindu, hilo nimelikubali. Ndiyo maana barua hii haikuletwa na Soudi. Yeye amepewa kazi ya kuonyesha njia tu, basi. Yule mama mwembamba aliyekupa bahasha, ambaye huenda hukumtambua kwa sababu meno ya mbele yameanguka na mgongo umeinama, anayesimama hapo mbele yako wakati unasoma, ni Fidélie. Hakutaka niseme mwanzoni kwamba mjumbe ni yeye, alisema usome kwanza mpaka mwisho. Hana kisu, hana askari, wala hakufuata pole yako. Kama Israël yu hai, mwambie jina analoitwa na mahali anapokaa. Kama hayuko, chukua panga la kusafishia njia, mwende pamoja, umwonyeshe fasi alipolala. Nakala ya filamu anayo yeye, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Kukupa au kutokukupa ni shauri lake.

Mama anakusalimu sana. Divine naye anakusalimu, ingawa anakujua kwa sura tu. Mungu akupe nguvu ya kusema neno moja la kweli, hata kama ni la mwisho kati yetu. Usikimbie, Daddy. Mpe mgeni wako kiti.

Ni mimi yaya yako,
Kabedi