Kilo Tisini za Bethwel

Nakuru, 3 Juni 2024

Mwanangu Chepngeno,

Chamgei? Baridi ya Dublin bado inakutesa? Mimi ni mzima, magoti tu. Viazi vyetu Kuresoi vimechanua hadi majirani wananuna.

Ndugu yako Bethwel bado yuko ICU. Baada ya ule upasuaji wa utumbo, sasa wanasema fangasi imeingia kwenye damu. Nikashangaa, kwani fangasi si ya vidole vya miguu? Lakini usiogope. Nimeambia wodi nzima, hadi mama wa kufagia, kwamba dada yake ni mfamasia ng'ambo.

Daktari Wachuka aliniuliza uzito wa Bethwel, maana dawa inapimwa kwa kilo na hicho kitanda hakina mizani. Nikamwambia, "Andika tisini! Huyu hubeba gunia la viazi begani na bado anapiga mluzi." Manesi wakacheka.

Mama yako

Dublin, 4 Juni

Mama mpendwa,

Chamgei mising. Magoti yapake ile dawa niliyotuma.

Mama, tisini ilikuwa ya zamani. Juzi kwa video nimeona mikono yake, imebaki mifupa. Tafadhali mwambie daktari ukweli. Halafu umuulize: tangu wamuwekee mashine ya figo, dawa ya fangasi wameiongeza? Ile mashine ikisafisha damu inaondoka na dawa pia.

Binti yako

Nakuru, 7 Juni

Chepngeno wangu,

Umeamkaje? Mimi niko tu.

Nilimwambia daktari. Hakunigombeza. Alisema mwili umejaa maji, hata wakimpima watakuwa wanapima maji. Dawa walikuwa wameshaongeza. Kama inatosha hajui, kwa sababu hapa hakuna maabara ya kuangalia imebaki ngapi kwenye damu. Nikamwambia, "Ngoja, binti yangu atasema."

Sasa sema. Hata mama yake Shantel wa kitanda cha pili anangoja kusikia. Andika kiasi cha dawa tu, nitampelekea daktari.

Mama yako

Dublin, 8 Juni

Mama,

Natumaini umekula.

Sijui. Vitabu nilivyosomea vilipima dawa hii kwa watu wanaotembea, wanaokula, wenye figo zao. Kwa mtu aliye kama Bethwel hata maprofesa wanakisia. Ikiwa kidogo, fangasi inashinda. Ikizidi, ini linaumia. Huenda hata tisini yako imemsaidia, kwa vile mashine inachukua dawa nyingi. Huenda haikusaidia. Msikilize Daktari Wachuka. Na umshike Bethwel mkono kwa niaba yangu.

Binti yako

Nakuru, 9 Juni

Nilijua tu! Nimeambia daktari umesema tisini ilisaidia. Mkono nimeushika. Ni wa moto sana.

Mama

Dublin, 13 Juni

Mama, hushiki simu. Niandikie hata neno moja.

Chepngeno

Kuresoi, 23 Juni

Mwanangu,

Pole kwa kunyamaza. Najua mjomba wako Kimaiyo alikuambia. Mimi mdomo ulikataa.

Jana tulimzika hapa juu ya shamba. Watu walijaa hadi barabarani. Nilishika maikrofoni nikasema dada yake alimpigania kwa dawa kutoka ng'ambo. Usiniambie tena kwamba hukujua.

Wakati wa kutoa jeneza, Mbugua wa jirani alimnong'onezea mwenzake kuwa ni jepesi. Nikasikia. Nikamwambia, "Beba vizuri, Mbugua. Huyo ni kilo tisini."

Akasema, "Ndio, mathe." Akapinda mgongo, akatembea kama aliyelemewa.

Mama yenu