Nahudumia Wagonjwa Kanisa Zima, Mama Mkwe Ananishinda

Mama Generoza, mwangaluka. Naomba msaada wako, na jina langu usilitaje kwa sababu huku Nkoma tunajuana mpaka ng'ombe.

Mimi ni mkulima wa pamba, nina miaka thelathini na nane, na kanisani kwetu ni mwenyekiti wa kikundi cha huduma, siyo kikundi cha kuimba, sisi kazi yetu ni mikono, tumechuma pamba ya mzee Kija alipovunjika mguu, tumemkandikia nyumba mjane mmoja, wagonjwa tunawachotea maji, tunawafulia na kuwaogesha, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kila Jumapili baada ya ibada mimi ndiye ninayesimama na kuuliza, "Wiki hii ni kwa nani?", mtu anataja nyumba, tunakwenda. Watu wanatusifu na sitaki kukudanganya, hata mimi najisikia vizuri.

Sasa Mama, tangu Machi tunaishi na mama mkwe wangu, jina lake siwezi kuliandika, unajua mila yetu Wasukuma, mkwe hatajwi jina, hapewi mkono, akipita njia hii wewe unashika ile. Alipata kiharusi akapooza upande wa kulia, na mke wangu Joyness ndiye anayemnyanyua, anamwogesha, anamtoa juani, lakini Joyness ana mimba ya miezi minane na nesi amemgombeza sana, amemwambia akiendelea kunyanyua mtu mzima atajifungua kabla ya siku zake na mtoto anaweza asipone. Kanisani wakiniuliza hali ya mgonjwa nawajibu anaendelea vizuri, Mungu ni mwema.

Alhamisi iliyopita Joyness alikuwa kliniki, nikasikia kishindo chumbani, nikakimbia, nikafika mlangoni miguu ikagoma. Mama mkwe alikuwa ameanguka kutoka kitandani, yuko chini, khanga imemtoka begani, nikageuza uso nikamuuliza, "Mama, nifanyeje?" naye akanijibu kwa ile sauti yake ya kukokota, "Nenda tu, baba. Nitangoja." Nikaenda mbio shambani kumwita jirani yetu Monika, na mpaka tunarudi mkwe wangu alikuwa amelala kwenye sakafu ya udongo karibu nusu saa, nyumbani kwangu mimi, ambaye mwezi huohuo nilimbeba mgonjwa wa watu mgongoni mpaka zahanati. Nililia, Mama.

Shemeji yangu Mayige anachunga ng'ombe huko Lingeka, anaishi peke yake, nimefikiria nimpeleke mama yake kwake kabla Joyness hajajifungua. Au nivunje mila nimnyanyue mwenyewe? Nikimgusa wazee watasema nimemkosea mkwe heshima, nikimwacha nitaitwa mnafiki. Nifanye nini?

Mwenyekiti, Nkoma

MAMA GENEROZA ANAJIBU

Mwangaluka, baba. Pole sana, na mama mkwe naye mpe pole yangu, kupitia Joyness bila shaka.

Mila ya ukwe siwezi kuicheka. Mimi nina mkwe wa kiume hapahapa Bariadi, siku moja aliniona sokoni akajibanza nyuma ya magunia ya mchele mpaka nikamaliza kununua dagaa. Nilicheka peke yangu njia nzima, na nilizidi kumpenda. Heshima ile ni nzuri, iliwekwa ili mama mkwe asiaibike. Sasa niambie, kulala sakafuni nusu saa siyo aibu? Na ile "Nenda tu, baba" uliisikia vizuri? Mwanamke amepooza, yuko chini, na bado anakusitiri wewe. Siku ile, mwenye huduma ndani ya nyumba yako alikuwa yeye.

Habari ya Lingeka futa kabisa. Umpeleke mtu aliyepooza kwa kijana anayeshinda malishoni, maji atapewa na nani, ndama?

Sasa acha nikugombeze. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sentensi moja tu, ile ya kusema kwamba umewaambia wenzako wa kikundi. Haipo! Una wanawake wanaoogesha wagonjwa, umeandika mwenyewe, wanapita mbele ya mlango wako kwenda kuogesha mama za watu, nawe unawaambia anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri! Mkeo yuko hatarini kupoteza mtoto, wewe unasema Mungu ni mwema. Mungu ni mwema kweli, ndiyo maana amekupa kikundi kizima, lakini wewe unaona haya kuhudumiwa. Umezoea kwenda na ndoo kwa watu, hutaki ndoo ije kwako. Hata Petro alikataa kuoshwa miguu, na Bwana hakumkubalia. Wewe unahubiri kuosha miguu, ya kwako umeificha kwenye viatu.

Leo hii, siyo kesho, Joyness amuulize mama yake kama anaruhusu mkwe wake amnyanyue pakitokea dharura. Mwili ni wake, na nyote mnaijadili heshima yake bila kumuuliza mwenyewe. Akikubali, mwite Mayige aje asikie kwa masikio yake, ili wazee wakianza maneno wamkute mtoto wa mama. Nami nadhani atakubali, sisi mama wakwe tuna akili kuliko mnavyodhani. Akianguka kabla hujapata jibu, ingia, mfunike shuka, mnyanyue, radhi utaomba baadaye. Kuogesha na kuvalisha waachie wanawake. Godoro litandikwe chini, asiwe na pa kuanguka. Joyness asiguse hata ndoo, na wewe jifunze kupika uji.

Kisha inakuja Jumapili. Ibada ikiisha, simama palepale unaposimama siku zote, uulize swali lako lilelile, "Wiki hii ni kwa nani?" Mtu akitaka kutaja nyumba nyingine, mwombe asubiri kidogo. Inua mkono wako mwenyewe, wakuone wote, useme, "Ni kwangu."