Aliulizwa tuna watoto wangapi

Shoga, nimefanya nini mimi!

Tuko yadi ya magari. Tumepata gari la mtumba, limeinuka vizuri, la kupita yale makorongo ya njia ya kwa bibi. Muuzaji akauliza, "Mna watoto wangapi, tuangalie viti?"

Baba watoto akajibu, "Watatu."

Watatu, shoga! Na kitinda mimba wetu tumemzika mwaka huu huu.

Neno likaniponyoka mbele ya watu: "Wawili." Nimemsahihisha kama mtu aliyekosea hesabu!

Baba watoto kapanda kiti cha nyuma kabisa cha lile gari, kajifunga mkanda, analia.

Muuzaji kaondoka kimya kimya.

Nimeshindwa kumwambia ashuke. Nimemwambia, "Sogea, baba," nikakaa naye.